Jinsi Taasisi Yetu Ilivyolidhibiti Jua

Ninayo heshima kubwa kuutaarifu umma, hasa ule umma unaopenda kulalamika, kwamba Taasisi yetu imelidhibiti jua. Mimi ndiye Mkurugenzi Mkuu. Nasema haya kwa unyenyekevu unaolingana na cheo changu.

Kazi yenyewe iliangukia kwa mwanamke tuliyemwita Dokta, mtafiti aliyemaliza uzamivu wake na kuja kwetu kwa mkataba, achunguze jinsi umeme unavyosafiri ndani ya perovskaiti. Hicho ni kitu cheusi, chembamba kuliko ganda la kitunguu, kinachopakwa kwenye kioo ili kigeuze mwanga wa jua kuwa umeme. Dokta alikuwa na kasoro moja. Kila nilipomwomba matokeo ya kufurahisha, alinipa matokeo.

"Kinafanya kazi, Mkuu, lakini unyevu ukikigusa kinageuka manjano, kinakufa. Nipe muda nijue elektroni zinapotelea wapi, na namna ya kukikinga."

"Muda gani?"

"Miaka miwili."

Nilicheka kwa heshima. Waziri alikuwa anakuja mwezi ujao.

Kwanza lilizuka suala la usalama. Kikaoni, Dokta alitamka mbele ya watu wazima kwamba ndani ya kitu chake mna risasi. Mkuu wa Ulinzi akazinduka usingizini.

"Ngapi?"

"Kidogo sana, afande."

"Na bunduki iko wapi?"

"Hii ni risasi ya madini. Ile ya kwenye betri za magari."

"Ahaa! Kwa hiyo mnatega magari."

Maabara ikafungwa wiki nzima. Askari walipekua mpaka jokofu, wakakichukua chakula cha Dokta kama kielelezo. Mumewe, mwalimu wa shule ya msingi, alipokuja getini na mtoto mgongoni kumletea kingine, naye akahojiwa. Nilitoa taarifa kwamba hali ni shwari, kwa kuwa ofisini kwangu ilikuwa shwari.

Tulipofungua maabara, Dokta akaleta jipya.

"Elektroni ikiondoka mahali pake inaacha shimo. Ikilitumbukia shimo kabla ya kufika kwenye waya, umeme umepotea."

Nilimkatiza hapo hapo. Taasisi ya umma haiwezi kumwonyesha Waziri kitu chenye mashimo. Niliunda Kamati ya Kuziba Mashimo chini ya shemeji yangu, ambaye ni Mkuu wa Ununuzi kwa sifa zake mwenyewe na za dada yake. Kamati ilijifungia hotelini, ikala, ikatafakari, ikarudi na pendekezo la kitaalamu: gundi ya kubandikia vioo vya madirisha. Kwa bahati njema shemeji alikuwa nayo stoo, madebe kwa madebe.

"Hiyo haizuii mvuke," Dokta alisema. "Mvua ya kwanza tu, tumekwisha."

"Dada, mbona unatuombea mabaya?" shemeji akamjibu.

Nilimkumbusha Dokta kwamba mkataba wake uko mezani kwangu, unasubiri sahihi. Macho yake yalilengwalengwa na machozi. Niliyahesabu kuwa ni ridhaa.

Siku ya uzinduzi paa lote la jengo letu lilimeta weusi wa vioo vya Dokta, vimezibwa kwa gundi ya shemeji. Kwenye kibao cha marumaru niliagiza lichongwe jina la mgunduzi, yaani langu. La Dokta lilikosa nafasi kwa sababu marumaru ilikuwa fupi.

"Umekigundua mwenyewe?" Waziri aliniuliza mbele ya kamera.

"Kwa mikono yangu hii, Mheshimiwa."

"Na mvua je?"

"Mvua kitu gani, Mheshimiwa? Inakiogesha tu."

"Basi kateni waya wa umeme wa nje sasa hivi. Jengo hili lijitegemee, liwe mfano!"

Tulipiga makofi. Shemeji alipiga mpaka akaomba maji.

Mvua ilinyesha wiki iliyofuata, Waziri aliporudi kukagua mfano wake. Tulikuwa wawili ndani ya lifti iliposimama kati ya ghorofa. Taa zikazima, feni ikazima, na Waziri, ambaye ni mtu wa mwili, akaanza kuhema. Nje ya mlango tukasikia sauti ya Dokta.

"Poleni, Mheshimiwa. Paa lote limegeuka manjano."

"Nani huyo?" Waziri aliniuliza.

"Kibarua tu."

"We kibarua, umeme unarudi lini?"

"Mwulize mgunduzi, Mheshimiwa. Uko naye humo."

Giza lilikuwa zito, lakini nilihisi Waziri akinigeukia. Nilikohoa.

"Mheshimiwa, kusema kweli kazi hii ni ya huyo Dokta. Mimi nilisimamia kwa mbali."

"Kwa mbali? Si ulisema kwa mikono yako hiyo?"

"Ilikuwa namna ya kusema."

Mafundi walitutoa kupitia upenyo. Waziri alitoka kwa magoti, shati limejaa grisi, na akiwa bado magotini akatoa agizo. Mgunduzi aingie maabara, ofisini asionekane mpaka paa liwake. Msimamizi wake awe Dokta, kwa ajira ya kudumu. Shemeji apande juu akabandue gundi kwa kisu.

Utekelezaji unaendelea vizuri. Ijumaa iliyopita nilikuwa nimezamisha mikono hadi viwikoni ndani ya glavu zilizopachikwa kwenye sanduku la kioo lisiloingiza unyevu, nimeshikilia kipande cha kioo kwa koleo, simu ikaita mfukoni mwangu. Dokta akaitoa, akanibandikia sikioni.

"Umefikia wapi?" Waziri aliuliza.

"Hatua za mwisho kabisa, Mheshimiwa."

Dokta akaisogeza simu mdomoni mwake.

"Bado anajifunza kushika koleo, Mheshimiwa."

Alikata simu, akavua koti lake jeupe, akachukua mkoba.

"Usitikisike, Mkuu. Ukikiachia hicho, unaanza upya."

"Sawa, Dokta. Unarudi saa ngapi?"

"Jumatatu," alisema, akafunga mlango polepole ili vumbi lisiingie.