Kiti Kilichokataa Kuondoka

Jumatatu, 10 Aprili

Naandika kwa kalamu ya wino. Penseli inafutika, na hapa kambini kuna watu wanaofuta mambo.

Barafu ya ziwa: inchi nane. Nimeipiga shoka mwenyewe. Inchi nane, na mimi nimetabiri kiti kitakwenda Jumatano ijayo, tarehe 19, saa nane mchana! Nimekwisha.

Nieleze, ili siku nikikutwa nimekufa kwa namna ya kutatanisha polisi wasipoteze muda. Mimi ni Merle Pomerleau, mlinzi na fundi wa Kambi ya Pennacot, Maine, mwaka wa kumi na tisa huu. Kiangazi huletwa watoto mia mbili asubuhi, jioni wanarudishwa kwao. Miezi mingine yote ni mimi, kuchakuro, na hao wanaojiita "watu wa kambi": wazazi, wastaafu, waliocheza hapa utotoni. Huja kupaka rangi mitumbwi, na kila Jumamosi hula maharage ya kuokwa ukumbini. Kila Februari tunasimamisha juu ya barafu kile kiti kirefu cha rangi ya chungwa anachokalia mwokozi wa waogeleaji. Kamba inatoka kwenye kiti mpaka kwenye plagi ya saa ya ukutani, bandani mwa mitumbwi. Barafu ikivunjika kiti kinakwenda, kamba inachomoa plagi, saa inasimama. Aliyetabiri karibu zaidi anapata nafasi ya mtoto mmoja, kiangazi kizima, bure.

Nafasi hiyo naitaka kwa Maren, mjukuu wangu, miaka saba. Binti yangu Joline amesema wazi: kuna kambi, mtoto anakuja kwangu, hakuna kambi, anakwenda Florida kwa babu yake mwingine, mwenye bwawa la kuogelea. Hawezi kumwacha mtoto ashinde karakanani na misumeno. Na kambi ilijaa tangu Januari. Siku ya kuandikisha majina, mkurugenzi wetu Thelma Grindle alituita wote ukumbini kwa "jambo jema". Nikajua ni hila ya kutugawia makoleo tukazoe theluji. Nikajificha chumba cha pampu. Kumbe kweli lilikuwa jambo jema: wafanyakazi kuandikisha watoto wao kabla ya wengine.

Jumanne, 11 Aprili

Nimeingia jikoni, Thelma na Odette Ferland wakanyamaza ghafla. Odette ndiye mpishi wetu. Umri sabini, kimo cha pipa, hana mtoto wala mjukuu, ana paka. Wakaanza kusifu hali ya hewa. Nje mvua ya mawe! Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Halafu Odette, kwa sauti ya asali, akaniuliza Maren anavaa fulana saizi gani, na kama anajua kuogelea. Anataka kujua ya nini? Nikamwambia Maren ana urefu wa futi sita. Akacheka, akasema, "Basi, Merle, huyo tutamshonea turubai." Sikucheka.

Mchana, majivu. Ndoo sita kutoka jiko langu la kuni, nimeyamwaga kukizunguka kiti. Kitu cheusi hula jua, barafu chini yake inalainika. Si wizi. Ni kuyasaidia majira. Nimekwenda kama tunavyokwenda wote hapa Aprili: mguu mmoja ndani ya mtumbwi, mwingine unasukuma juu ya barafu, ili ikikatika uwe tayari chomboni.

Sheria ya shindano ni moja: atakayeonekana akiichezea barafu, shindano la mwaka huo limekufa, nafasi haipewi mtu. Atakayeonekana. Nimeangalia kushoto, nimeangalia kulia. Hapakuwa na mtu ila Odette kwa mbali ufukweni na chupa yake ya chai. Macho yake mabovu.

Jumatano, 12 Aprili

Daftari la utabiri hukaa ofisini kwa Thelma. Nimemwambia kipasha joto chake kinanuka. Akasema hakinuki. Nikamwambia ndiyo hatari yenyewe, kikianza kunuka umechelewa. Akatoka kwenda kutafuta tochi.

Dakika moja tu nimepata. Lo! Tarehe 14: mwandiko wa Odette. Tarehe 15: Odette. 16, 17, 18: Odette, Odette, Odette! Kila mtu anaruhusiwa utabiri mmoja, yeye kajaza kurasa mbili! Safu ya jina la mtoto ilikuwa imefunikwa na kikombe cha kahawa. Sikukiinua, nisije nikaacha alama za vidole.

Hana mjukuu. Nafasi anaitakia nini? Paka?

Ataiuza. Ndiyo. Yupo mzazi tajiri huko Portland ameshalipa kishika uchumba. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu mimi kimevaa aproni.

Thelma akarudi na tochi. Ikabidi nikifungue kipasha joto. Sasa hakiwaki kabisa.

Alhamisi, 13 Aprili

Balaa! Jua limetoka kama limetumwa. Watu wanatembea na fulana. Majivu yangu yamefanya kazi mara tatu ya nilivyoyaagiza: maji yamekizunguka kiti, kiti kimeinama kama mlevi anayetafuta ufunguo. Kwa mwendo huu kinakwenda kesho. Tarehe 14! Tarehe ya Odette!

Nimefikiri haraka. Babu yangu mzaa baba alikuwa mkata barafu kwenye ziwa hili hili. Januari wanaikata, wanaifunika unga wa mbao ghalani, Agosti bado mnaitia kwenye maji yenu ya limau. Na unga wa mbao ninao, karakana nzima.

Magunia kumi na moja. Nimeyavusha kwa mtumbwi, safari nne, nikaukandika kote kuzunguka kiti, unene wa goti. Mgongo umekufa. Mara mbili mguu umezama mpaka pajani, nikapiga kelele, nikajikaripia kwa kupiga kelele.

Odette yuko ufukweni tena. Safari hii na chupa ya chai na fungu la kamba begani. Kamba ya nini? Nimemuuliza kwa mbali. Akajibu kwa mbali kwamba barafu ya Aprili haina rafiki. Hilo ni tishio. Nimeliandika hapa na saa yake: saa nne na robo asubuhi.

Jumamosi, 15 Aprili

Maharage ukumbini. Soseji nyekundu, kabichi, watu thelathini. Nimekaa mgongo ukutani.

Wananichekea. Wote! Mstaafu wa posta kanipiga begani bila sababu. Mama mmoja wa mapacha kaniuliza Maren anapenda rangi gani. Nikamjibu kwamba hapendi rangi. Nilipokwenda kuongeza kabichi wakanong'ona. Niliporudi wakaanza kuzungumzia matairi. Watu thelathini hawawezi kupenda matairi kwa wakati mmoja.

Joline amepiga simu baadaye. Anasema babu wa Florida ameshanunua boya la bata, la mtoto kukalia bwawani. Ameshanunua! Nikamwambia asikate tiketi kabla ya Jumatano. Akauliza Jumatano kuna nini. Nikamwambia simu zinasikilizwa. Akavuta pumzi ndefu, akasema, "Baba, mtoto anakuulizia kila siku. Usiniambie habari za simu. Niambie anakuja au haji."

Nimeumia.

Jumatatu, 17 Aprili

Ziwa limefunguka. Lilifunguka jana mchana, lote, kutoka ukingo hadi ukingo, maji ya buluu, bata wanaogelea. Lote isipokuwa kisiwa kimoja cha barafu, ukubwa wa sebule, kimenasa kwenye nguzo za gati la kuogelea. Juu yake unga wa mbao. Juu ya unga wa mbao, kiti cha rangi ya chungwa, kimekaa wima kama jaji.

Saa inatembea. Tiki, tiki, tiki.

Leo sikukuu ya jimbo, mji mzima umekuja. Wameleta viti vya kukunja na biskuti. Mstaafu wa posta anasema miaka hamsini hajaona ziwa likaondoka likaacha kiti. Mtu mmoja akauliza ule mchanga wa njano umetoka wapi. Nikasema ni chavua ya misonobari. Akasema chavua mwezi wa Aprili? Nikamwambia dunia inabadilika, asome magazeti.

Thelma kaja kusimama kando yangu. Alinitoa kipande cha mbao sikioni, akakiangalia, akakitia mfukoni. Ushahidi!

Shikilia siku mbili tu. Siku mbili, kiti changu, tafadhali.

Jumanne, 18 Aprili

Hakikushikilia.

Saa tano asubuhi upepo wa kaskazini. Kisiwa kikajikwanyua kutoka gatini, kikaanza safari taratibu, kiti juu yake. Kamba ikakaza, plagi ikachomoka, na kwa kuwa juzi niliiongezea kamba mafundo kwa usalama, saa nayo ikafuata, na rafu, na maboya manne. Vyote vimeondoka kwa msafara. Saa ilipoopolewa ilisoma saa tano na dakika kumi na mbili.

Jumanne. Si Jumatano. Nilikaa chini kwenye tope nikamwona Maren juu ya boya la bata.

Thelma akatuita wote ukumbini. Daftari mezani. Kando ya daftari, kile kipande cha mbao. Akasoma sheria kwa sauti: atakayeonekana akiichezea barafu, shindano limekufa. Akauliza nani ameona mtu akiichezea barafu.

Nilikuwa nimesimama na buti zimejaa unga wa mbao mpaka magotini.

Odette akasema yeye kwa bahati mbaya macho yake mabovu. Mstaafu wa posta akasema yeye alikuwa anaangalia ndege. Mama wa mapacha akasema huko kwao chavua ya misonobari hutoka hata Aprili, hutoka hata kwa magunia. Mtu wa nyuma akakohoa. Watu thelathini wakatazama dari, dari ambayo mimi mwenyewe nimeipiga rangi na haina cha kutazama.

Thelma akasema basi, hakuna aliyeonekana. Akafungua daftari. Aliyekaribia zaidi: Odette Ferland, Jumanne, saa tano kamili. Nikasema moyoni, haya, paka kashinda.

Mtoto: Maren.

Nikadhani nimesikia vibaya. Thelma akaendelea kusoma. Wa pili: mstaafu wa posta. Mtoto: Maren. Mama wa mapacha: Maren. Wa nne: Maren. Wa kumi: Maren. Watu thelathini na mmoja. Waligawana siku za Aprili, kila mmoja na siku yake na saa yake, na Odette akawa karani wao, maana mwandiko wake unasomeka. Thelma akafunga daftari, akaniangalia juu ya miwani. Akasema hata bata angeivuta ile kamba, Maren angeshinda. Mtu mmoja tu ulimwenguni angeweza kumkosesha mtoto huyu nafasi, na mtu huyo alihangaika nayo wiki nzima na magunia kumi na moja.

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Nilitaka sakafu inimeze. Sakafu yenyewe nimeiziba mimi.

Mlangoni Odette akanishika mkono. Akasema siku zile ufukweni alikuwa ananilinda, na ile kamba ilikuwa ya kunivuta nikizama. Chai ilikuwa yangu pia, ya kunipasha moto. "Na uzito huo wako, Merle! Nilimwomba Mungu usizame, maana tungekwenda wote wawili, na maharage yangu yako jikoni."

Nimeona aibu. Naliandika neno hilo kwa wino. Aibu. Nikalia kidogo, nje, nyuma ya banda, ambako upepo unaleta vumbi.

Jumamosi, 22 Aprili

Maren amepiga simu. Alipiga kelele mpaka nikaitoa simu sikioni. Anakuja Juni, wiki tisa! Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Nimepaka rangi chumba chake, kisha nimekipaka tena.

Babu wa Florida amesema ni heri mtoto akaone ziwa. Heri? Upesi hivyo, na bata kishanunua? Nimeweka alama hapo.

Halafu nimekaa nikafikiri vizuri, kwa utulivu, kama mtu mzima. Watu thelathini na mmoja. Hakuna hata mmoja aliyeomba kitu. Hakuna aliyesema "utanikumbuka". Nina miaka sitini na sita, na sijawahi kuona watu thelathini na mmoja wakafanya wema kwa wakati mmoja bila kupanga. Na kama walipanga, walikutana wapi? Kwa nini sikualikwa? Nimeanza orodha ya majina. Nimeanza na Odette.

Leo asubuhi kaja na pai ya tufaha, nzima, bado ya moto, eti ya kunipongeza. Nimeipokea, nikashukuru, nikafunga mlango. Nikampa mbwa wa Thelma kipande. Nikakaa naye saa mbili, naandika kila nusu saa hali yake. Amelala, ameamka, amejikuna, amelamba sahani, amekuja kuomba tena.

Mzima kabisa. Basi pai hii hajaitia kitu. Huyu mama ana subira: anangoja kwanza nimzoee.