Panya wa Chaki

Duniani kuna mashine moja tu isiyokosea, nayo ni jicho la Mama Kipimo. Ushahidi? Mama Kipimo mwenyewe alisema!

Alikuwa fundi cherehani. Mteja akitia tu mguu mlangoni, alikuwa ameshamkadiria kifua, kiuno na hata alichokula jana. Tepu ilining'inia shingoni mwake kama nishani ya jenerali, lakini kuitumia ilikuwa heshima kwa mteja tu.

Fahari yake kubwa ilikuwa binti yake wa kidato cha pili. Kila muhula alimshonea sare pana zaidi, na kila muhula alifurahi upya.

"Oneni afya hiyo!" aliwaambia wateja. "Soda, chipsi, keki, akitaka anapata. Kwangu njaa haina pa kukaa!"

Binti hakutaka keki. Alitaka kuwa golikipa. Mwalimu wa michezo alimwona akidaka mipira kama aliyezaliwa golini, ila alimwona pia akihema na kushika ukuta kwa kizunguzungu. Akamwambia wazi: bila ruhusa ya kliniki, hakuna timu.

"Hilo tu?" Mama Kipimo akacheka. Siku hiyohiyo akashona jezi, mgongoni akatarizi KAPTENI. Na timu ilikuwa haijampokea hata kukaa benchi!

Kero yake moja ilikuwa panya. Walikuwa wanamtafunia chaki ya kuchorea vitambaa, tena ile ya buluu. Yeye mwenyewe aliigusa kwa ulimi mara chache tu: ikiwa mpya, ikizeeka, na katikati hapo. Kuhakiki ubora. Mambo ya kitaalamu hayo.

Kliniki, muuguzi alimpima binti uzito na urefu, akamtoboa kidole, akasoma mashine.

"Mama, uzito umezidi umri wake. Na damu imepungua. Inaelekea amekosa madini ya chuma."

"Apungukiwe huyu? Na mwili wote huu? Basi wewe, mwanangu, ulivyokonda hivyo, si utazikwa kesho!"

Muuguzi akacheka. "Soda na keki zinajaza mwili, mama, hazileti chuma. Anahitaji maharage, mboga za majani, nyama kidogo, matunda. Mtoto anaweza kunenepa huku mwili wake una njaa."

Njaa! Kwa Mama Kipimo! Akanyoosha kidole.

"Mashine yako mbovu. Nipime mimi!"

Muuguzi akampima. Akaitazama mashine, akamtazama yeye, akairudia mashine.

"Umemshinda binti."

"Si nilisema!"

"Kwa upungufu, mama."

Binti akayakodolea macho maji ya kunywa pembeni kama hajawahi kuona maji.

"Wengine wakikosa chuma hutamani vitu visivyo chakula," muuguzi akaendelea. "Udongo, barafu, chaki..."

"Chaki? Kwangu? Labda panya!"

"Mama," binti akasema kwa sauti ndogo, "panya ni mimi. Nisamehe."

Mama Kipimo akaachama kwa mshangao. Ndipo muuguzi akauona ulimi wake. Ulikuwa wa buluu kama wino.

Wote wawili walipewa dawa za aina moja na mawaidha yaleyale. Binti akaruhusiwa kuanza mazoezi mepesi, apimwe tena baadaye. Akaruka kwa furaha hadi kiti kikalalamika. Neno KAPTENI likafumuliwa, uzi kwa uzi. Nyumbani zikaingia maharage na mboga, soda ikatoka, na chaki yote ikatupwa. Mama Kipimo akaanza kuchora vitambaa kwa kipande cha sabuni.

"Nani atakula sabuni?" akajigamba. "Mimi nina akili!"

Jioni moja binti alirudi kutoka mazoezini, jasho likimtiririka, jezi imechafuka magotini. Alikuwa amedaka penalti! Alitaka kuisimulia, lakini jicho lake likatua mezani. Sabuni ilikuwa na alama za meno.

"Mama," akauliza taratibu, "panya amerudi?"

Mama Kipimo alifungua kinywa ajibu. Likatoka povu.