Taa ya Awadhi Kishanda

Awadhi wa Miembeni aliiona ile taa ndogo ya buluu kwenye duka la vipodozi, na papo hapo akajiona daktari. Alikuwa na kipaji hicho: akishika kitu chochote mkononi, mdomo wake unakitafutia ugonjwa.

Ugonjwa aliujua vizuri. Viwiko vyake mwenyewe vilijaa mabaka ya soriasisi yenye magamba meupe, ndiyo maana hakuvaa shati la mikono mifupi. Akainunua taa, akachanganya mafuta ya mgando na manjano, akapanda basi la Muleba, akashukia Kishanda kwa Mama Alistidia, mjane mwenye kahawa nyingi na, kwa habari alizozipata, mabaka miguuni.

Akamweleza kwamba dawa hupakwa, kisha mwanga wa taa huisukuma ndani. Alieleza vizuri mno, huku akijikuna kiwiko.

"Kunja mkono wa shati, mwanangu," akasema mama.

Awadhi akakunja. Kwa kuwa hakuwahi kukosa neno, akadai naye ndiyo kwanza anaanza tiba.

"Basi anzia hapa. Ukipona, nanunua mimi na wanawake wote wa jumuiya yetu."

Wanawake wote! Awadhi akakubali bila kuuliza. Umeme ulikuwa umekatika, na kwa kuwa yeye mwenyewe alijigamba kwamba taa yake ina nguvu za jua, mama akaona jua lenyewe litatosha. Kila asubuhi, kabla halijawa kali, alimpaka dawa kutoka kwenye tyubu ndogo aliyoitoa chumbani kwake, akampa kikapu na kumpeleka kwenye mibuni. Mikono ikiwa juu, alisema, mwanga unafika viwikoni.

Daktari akachuma kahawa, akaianika, akaigeuza. Magamba yakapukutika, mabaka yakafifia, naye akaanza kuisifu taa ambayo hata haijawashwa.

Mibuni ilipokwisha kuchumwa, akaidai biashara yake.

"Taa hiyo binti yangu anayo saluni kwake," mama akasema kwa upole. "Anakaushia rangi ya kucha. Dawa niliyokupaka nilipewa hospitali, na mwanga wa tiba naupata hukohuko, wananipimia muda. Nenda nawe wakuangalie, usijichomechome ovyo."

Awadhi akatazama viwiko vyake, akatazama kahawa iliyojaa uani, akacheka peke yake kama mwehu.

"Na ukikutana na mgonjwa mwingine huko mjini," mama akaongeza, "mlete. Migomba bado haijapaliliwa."