Shahada ya Foleni

Jumatatu, 4 Machi
Mpwa wangu, tunayemwita Profesa, ana shahada ya hisabati tumizi. Miezi tisa sasa yuko kwa mama yake, dada yangu, anachambua mchele. Tumizi! Nilidhani ni kama makochi ninayoshona: yameshatumika. Nikamuuliza dada mbona hakumtafutia mpya. Kanirushia mfuniko wa sufuria. Basi kazi namtafutia mimi. Niliishia darasa la sita, lakini dunia naijua. Nimeshona viti vya mawaziri wawili. (Mmoja alikuwa dereva wa waziri.)

Jumanne, 5 Machi
Profesa kanitajia kazi zake: hali ya hewa, benki, bima. Bima ni kukadiria watu watakufa lini. Nikamtangazia kinyozi jirani, kifua mbele. Kufikia saa kumi mtaa mzima unamkwepa mtoto. Muuza mkaa kavuka barabara na gunia kichwani. Kinyozi kasema mwanawe hakusoma, anaendesha lori, na walau hamchimbii mtu kaburi angali hai. Nuksi!

Alhamisi, 7 Machi
Hospitali inatafuta mtu wa kupanga foleni za wagonjwa. Kumbe Profesa aliandika kitabu kizima chuoni juu ya foleni! Miaka minne anasomea kusimama! Nimemshonea mkoba wa kitambaa cha kochi. Kaniambia kwa sauti ndogo: Mjomba, nikiikosa hii naichana shahada, nakwenda kufagia nywele kwa kinyozi. Usingizi umeniruka.

Jumatatu, 11 Machi
Siku ya usaili. Watu arobaini kwenye korido! Nikatumia akili. Nikajishika tumbo, nikapiga mayowe, nikapenya huku namburuta Profesa kama muuguzi wangu. Alinisihi nimwache. Mzee mmoja wa ndala akasema pole pole, baba, sote tunangoja. Nikamwambia apishe na ndala zake. Tukawa wa kwanza! Mlango ukafunguliwa. Mzee wa ndala akaingia, akakalia kiti kikubwa. Mganga mkuu! Alijipanga makusudi, aone watu wanavyosimama. Akasema hospitali yake inauawa na watu wa aina yangu, na leo ameshukuru kumwona mmoja akiwa mzima wa afya. Tukatolewa nje, na Profesa akashika njia nyingine.

Jumanne, 12 Machi
Nimemwona Profesa dirishani kwa kinyozi. Ufagio mkononi. Sikula. Nimeshona kochi moja miguu juu.

Ijumaa, 15 Machi
Miujiza! Kumbe usiku ule ule wa usaili Profesa alimwandikia mganga mkuu barua ya kuomba radhi, na hesabu ndani: mtu mmoja akiruka foleni, arobaini wanachelewa kiasi gani. Humo mimi naitwa “kisababishi”. Cheo kizuri. Mganga mkuu anamtaka Jumatatu. Kasisitiza aje peke yake.
Peke yake! Maskini mtoto, nani atampitisha mbele?
Hajui, lakini asihofu. Nimeshaazima machela.