Usawa wa Kukodi

Mteremko alipewa jina hilo kwa sababu maneno yake hayakujua mlima. Asubuhi hiyo alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, povu limemjaa mashavuni, aliposikia mwenye kiwanda cha magodoro akilalamika kwenye kiti cha pili.

"Mnunuzi wa mahoteli anakuja kesho. Anasema hasaini mkataba na kiwanda chenye ubaguzi. Ubaguzi gani? Mimi nimeajiri watu wa kila aina! Nina wapwa wanene, nina wapwa wembamba..."

Kinyozi alicheka hadi wembe ukapoteza njia. Mteremko hakucheka, tayari alikuwa kazini.

"Bosi wangu," alisema huku akijipangusa povu, "wanawake, wazee, watu wa magongo, wote nakukodishia kwa siku moja. Wapwa zako wafiche ghalani."

"Na wewe utataka nini?"

"Ile nyumba ya juu ya ghala. Nikae bure."

Roho yake yote ilikuwa kwenye nyumba hiyo. Miaka mingi alilalia kochi la dada yake, fundi cherehani, na sasa dada alikuwa amemwambia aondoke kabla wiki haijaisha.

Jioni alikusanya timu yake sebuleni kwa dada: mstaafu wa reli, fundi viatu anayetembea kwa magongo, na dada mwenyewe.

"Mtakaa kwenye mashine na kutabasamu. Wanaume posho nzima. Dada, wewe nusu."

"Nusu kwa nini?"

"Wenzako wana familia."

"Na hao watoto wanne waliolala chumbani ni wa jirani?"

"Dada, tusiingize siasa. Halafu hiyo nusu nitaikata kodi kidogo."

"Kodi ya nani?"

"Ya maendeleo. Yangu."

Dada alibana pini mdomoni, akarudi kwenye cherehani yake. Mwaka uliopita aliomba kazi kiwandani humo akaambiwa cherehani zile ni za wanaume, ingawa haijulikani ni nani aliyezikagua. Jinsi alivyoikanyaga ingemtisha mtu yeyote mwenye akili. Mteremko alilala usingizi mnono.

Kesho yake mnunuzi, mama mmoja mwenye miwani mikubwa, alizunguka kiwandani akiwa na mkataba kwapani. Mstaafu alitabasamu. Fundi viatu alitabasamu mpaka taya likamuuma. Kutoka ghalani, nyuma ya magodoro, zikasikika chafya.

"Nini hicho?"

"Magodoro mapya, mama," Mteremko aliwahi. "Yanapumua."

Mnunuzi akasimama mbele ya dada. "Na wewe mwenzangu, unafanya kazi gani hapa?"

Dada alikuwa amefundishwa kusema, "Nashona, nashukuru." Akainuka, akakung'uta sketi.

"Mimi ndiye msimamizi. Naajiri, napanga zamu. Bosi alinipandisha cheo mwenyewe, akanipa na nyumba ya juu nikae na wanangu. Leo ndiyo ananikabidhi funguo."

Mteremko akaanza kumtikisia bosi kichwa.

"Kweli, bosi?" mnunuzi aliuliza, kalamu mkononi.

Bosi aliitazama ile kalamu. Akautazama mkataba. Akaingiza mkono mfukoni polepole, kama mtu anayejing'oa jino.

"Kweli tupu," alisema, akamkabidhi dada funguo.

Mnunuzi akasaini. "Nitakuwa napita hapa bila taarifa," alisema kwa furaha. "Hawa wote nataka niwakute. Na chai nitakunywa kwako, msimamizi."

Gari lake lilipotoka getini tu, Mteremko alimvuta dada pembeni.

"Dada! Mimi ndiye niliyeusuka mpango huu! Hii si haki!"

"Haki ipi unayoitaka, mdogo wangu? Ile nzima au ile nusu?"

Mteremko alimgeukia bosi. Bosi alikuwa anakagua dari.

"Basi nipe hata kazi," Mteremko alinong'ona, na neno hilo lilimkwaruza koo, maana lilikuwa halijawahi kupita hapo.

"Kuna nafasi moja ya kupakia magodoro," dada alisema. "Tunachukua kwa uwezo. Foleni ile pale."

Mteremko akaenda kusimama mwisho wa foleni, nyuma ya vijana waliotoka ghalani, bado wanapiga chafya. Akalainisha midomo, akamgusa bega aliyemtangulia.

"Kijana wangu, mimi na msimamizi ni damu moja, sasa ukinipisha kidogo tu..."

Kijana huyo mnene akageuka, pamba imemjaa nyusini.

"Tulia, kaka. Sisi wote hapa ni wapwa wa mwenye kiwanda."