Mke Wangu Kupewa Miaka Mia na Tatu na Mashine Yenu

Muyinga, 14 Agosti 2003

Kwa Bwana Mkuu wa Kompyuta,
Ofisi ya Kuunganisha Familia, Gitega

Bwana Mkuu,

Baada ya heshima nyingi, mimi ni Aboubakar, fundi cherehani wa sokoni Muyinga. Mwaka jana vita vilinitenganisha na mke wangu Farida, akabaki Bugendana, watoto nikakimbia nao mimi. Mliahidi kumleta kwa gari. Hajafika, na roho inaniuma. Malalamiko yangu ni haya:

1. Farida alisema amezaliwa mavuno ya maharage, 1974. Karani akayaingiza maneno hayo kama yalivyo. Mashine yenu inataka tarehe, na maneno isiyoyaweza inayageuza yote kuwa 1 Januari 1900. Basi mke wangu ana miaka mia na tatu.

2. Aliitwa ofisini saa mbili asubuhi. Mashine ikaandika 02:00. Bwana Mkuu, hiyo ni saa nane ya usiku, na huku anayetembea usiku hupigwa risasi. Alipofika asubuhi aliambiwa amechelewa.

3. Kwa kuwa mimi nina miaka thelathini na mitano, mmemfuta kwenye orodha ya wake na kumwandika nyanya yangu. Amenitumia salamu kwa mchuuzi wa ndizi: "Mjukuu, mi niko hapa tu. We kula vizuri." Nilicheka, kisha nikalia.

4. Akiwa nyanya yangu, watoto wetu ni ndugu wa baba yangu. Nimeanza kuwaamkia shikamoo. Mdogo, mwenye miaka sita, ameshazoea, na sasa ananituma maji.

5. Kwa hiyo mrudishieni 1974 yake, ama na mimi mniandike 1895, nimuoe upya kwa adabu.

Nisalimieni makarani wote, na mashine pia, nadhani haikukusudia.

Mimi, ambaye subira inaniishia,
Aboubakar

Tanbihi: Kabla sijapata wa kuileta barua hii, Farida ameshuka mlangoni. Nafasi garini zilikuwa chache, wakatangulizwa wazee. Yeye kakaa mbele na dereva, kafunikwa blanketi. Wenye tarehe sahihi wamebaki Bugendana, na risasi zinasikika huko. Tafadhali msirekebishe kitu. Dada yake, Amisa, ni miongoni mwao. Ana miaka ishirini na miwili, na karani alimwandika kwa tarakimu, vizuri kabisa. Naomba afutwe, aandikwe upya kwa maneno.