Zamu za Kahawa Zilizoangukia Nanenane

Jumatatu, 28 Julai 2025
Iyula. Baridi. Nimechoka kabla ya wiki kuanza. Tabita bado anapanga zamu za mashine ya kumenya kahawa kwa chaki, ubaoni, na chama kizima cha wakulima kinamsifu. Chaki! Nimemwambia Mwenyekiti Asajile kwamba kompyuta ya chama haikununuliwa ifunikwe kitambaa. Kakubali nijaribu zamu za Agosti. Nikifaulu, meza ya Tabita ni yangu. Nikishindwa, narudi vichanjani kugeuza kahawa juani. Sirudi!

Jumatano, 30 Julai
Nimeingiza zamu kwenye Ekseli, 1/8 hadi 12/8, kila siku mkulima mmoja. Nilijaribu kwanza na 8/8. Ikatoka tarehe nane Agosti, safi kabisa. Mwezi nimeuficha ibaki siku tu. Nani asiyejua ni Agosti? Kompyuta ikamtumia kila mkulima ujumbe wake. Jumbe zenyewe sikuzisoma. Ningezisoma, kompyuta ingekuwa na kazi gani?

Jumatatu, 4 Agosti
Tangu Ijumaa hajaja mtu. Mashine imekaa tu. Tabita kauliza wakulima wako wapi. Nikamwambia kahawa haijaiva. Akanitazama kwa huruma. Heri angenitukana. Mchana shangazi Ferista kapiga simu: kahawa yake ni nyekundu, inadondoka, mbona kaandikiwa tarehe nane, na jirani yake naye nane? Nikamwambia kompyuta haikosei, asubiri. Akasema haya, mwanangu.

Ijumaa, 8 Agosti
Nanenane. Sikukuu ya wakulima, nimelala. Nimeamshwa na kelele. Wakulima wote kumi na wawili wako getini, na magunia, na bajaji, na mkokoteni wa mzee Boazi. Wote wameandikiwa leo! Fundi Shadrack yuko Mbeya kwenye maonyesho, ufunguo wa mashine mfukoni mwake. Kahawa mbivu ikilala bila kumenywa inachacha. Imelala. Shangazi kakaa juu ya gunia lake, hakunigombeza. Kasema tu kwamba aliniuliza. Nimeona aibu, kweli.

Jumamosi, 9 Agosti
Tabita kanieleza taratibu, mbele ya Mwenyekiti. Kompyuta yetu inasoma mwezi kwanza. Ukiandika 5/8, yenyewe inaona tarehe nane Mei. Ndiyo maana kila mtu kapata nane. Na jaribio langu la 8/8 lisingeonyesha kosa, maana ukiigeuza inabaki ileile. Nikasema kosa ni la sikukuu. Shadrack angekuwepo, kahawa yote ingemenywa. Mwenyekiti kanyoosha kidole kuelekea vichanjani.

Jumapili, 31 Agosti
Mgongo unaniuma. Kugeuza kahawa hakuna heshima. Ila leo kanisani wametafuta mtu wa kupanga zamu za usafi za Septemba, nikanyoosha mkono kabla ya Tabita. Safari hii nimekuwa mwangalifu. Sikujaribu na 8/8, tarehe ile ina nuksi. Nimejaribu na 9/9. Imekubali vizuri kabisa.